GParted iliniokolea C iliyojaa

Laptopu yangu niliinunua Luthuli Avenue, mtumba wenye diski ya GB 500, ambayo Windows huisoma kama 465. Fundi wa duka aliigawa kabla sijalipa: C, sehemu inayokaa Windows, akaipa GB 60, zilizobaki zote akazitupia D, ya kuhifadhia faili. Sikujali. Miezi minane baadaye C ikawa nyekundu, masasisho ya Windows yakagoma, na D iko wazi kama uwanja wa mpira.

Nilianza na Disk Management, zana ya kugawa diski, maana imo ndani ya Windows tayari. Nikaipunguza D kwa GB 100, ikakubali. Kurudi kwa C, Extend Volume, amri ya kuipanua, imefifia, haibonyezeki. Kumbe hupanua sehemu kwa nafasi iliyopakana nayo upande wa kulia tu, na yangu ilikuwa ng'ambo ya D. Kama matatu yenye kiti kitupu huko nyuma, na aliyesimama mlangoni hasogei. Nikajaribu programu moja ya kulipia. Ikanichorea kila kitu kwa rangi, nilipobonyeza itekeleze ikaniomba kadi ya benki. Nikaifuta.

Basi GParted. Ni programu ya kugawa na kusogeza sehemu za diski, ya bure, haifiki GB 1, unaiweka kwenye flashi kwa programu ya Rufus na kuwashia kompyuta hapo. Mara ya kwanza ilitoa onyo na kukataa kuigusa C. Ukizima Windows 10 kwa kawaida huwa haizimiki kabisa. Hujihifadhi kidogo ili iwake haraka. Nikarudi Windows, nikafungua Command Prompt ya msimamizi, dirisha la kuandikia amri, nikaandika powercfg /h off ili isijihifadhi tena, nikazima upya. Ikakubali.

Kuiburuta D kwenda kulia kwenye skrini, ili nafasi tupu ipakane na C, ni sekunde tu. Kuihamisha kwenyewe kulianza saa tatu usiku, kukaisha saa saba na kitu. Betri yangu haimalizi dakika ishirini, na huku Kayole stima ikiondoka haiagi. Ikikatika katikati ya kuhamisha, data inaweza kuharibika. Picha za kazi nilikuwa nimezinakili kwenye diski ya shemeji, lakini bado nilikodolea macho ule mstari wa maendeleo kama anayechunga maziwa jikoni.

Sasa C ina GB 160 na hakuna faili iliyopotea. Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ule muda uliobaki iliokuwa ikinionyesha, uliokuwa ukipanda badala ya kushuka. Na kama nafasi yako tupu tayari imepakana na C, usijisumbue na flashi, Disk Management itakumalizia kwa dakika mbili.