Stendi na traipodi za fundi wa Kibuye, Kisumu: hii nunua, ile achana nayo

Kama unashuti harusi ama unafanya laivu za TikTok hapa Kisumu lazima umeshaona zile traipodi zenye miguu imevalishwa raba ya akala. Jamaa mwenyewe ako pale upande wa jua kali Kibuye, naye hushuti harusi, alianza kwa kujirekebishia zake tu, watu wakaziona wakataka, saa hii imekuwa biashara ya pembeni na ukienda unapata watu wanangoja.

Mimi nilimpelekea traipodi ya plastiki, zile za maduka ya simu, kichwa kilikuwa kinainama chenyewe ukiweka kamera yenye lenzi nzito. Alitoa kichwa chote, akasukuma kipande cha mti mgumu ndani ya bomba la katikati, lile la aluminiamu, ndio lisibonyee, akatoboa, akapitisha bolti, nati chini. Aluminiamu haichomelewi ovyo, anasema welding ya kawaida ya mtaani itaitoboa tu, kwa hivyo kila kitu ni ribeti na bolti. Alafu akaniwekea ndoano chini, na hio ndoano ndio imenimaliza bana, jerikeni ya lita 5 ikijaa maji ni kilo 5, unaitundika hapo, upepo wa ziwa pale Dunga mchana unarusha shela ya bibi harusi huku na huku na kamera imetulia tuli.

Kilichofanya nimwamini ni bolti lakini. Kamera karibu zote zinataka robo inchi, thredi 20 kwa inchi, sasa ukienda hadwea ukisema tu nataka kabolti kadogo unaweza pewa M6 juu kwa macho ni kama mapacha. M6 ni milimita 6, robo inchi ni 6.35, na thredi hazilingani, inaingia raundi kidogo vizuri alafu inakwama, ukilazimisha inakula tundu la kamera. Huyu amefunga nati ya robo inchi na kamba kwa meza yake, bolti yoyote lazima ipite hapo kwanza. Kuna kijana alikuja na yake anaanza kuikaza kwa nguvu akaambiwa "omera, wacha, hio ni M6, utalia na kamera ya wenyewe."

Stendi ya simu ya boda ndio sikuipenda. Ameweka tyubu ya baiskeli imekunjwa kati ya klempu na usukani, wazo ni zuri, Apple wenyewe 2021 walitoa onyo kwamba mtetemo wa injini za pikipiki unaweza haribu kamera ya iPhone na hata kwa pikipiki ndogo wakashauri stendi yenye kitu cha kupunguza mtetemo. Lakini hio tyubu ni nyembamba sana, vidio ya barabara mbaya inatoka kama umeshikwa na malaria. Ya kuangalia ramani tu sawa, ila mia sita? Zii.

Traipodi anazounda kutoka mwanzo kwa bomba za chuma pia achana nazo, uzito ni wa kitanda na rangi inabaki kwa mikono. Talanta yake iko kwa kurekebisha ya mtu, hapo ningempa nyota 4 kwa 5.

Ile nyota moja imebaki imeenda na bei. Hakuna bei! Mimi nililipa 800, aliyenifuata akaitishwa 1,200 kazi ile ile, mbele yangu, nikaona hata aibu. Si aandike tu kwa katoni aweke ukutani. Ribeti zikilegea anakukazia bure, hapo sina neno.

Usiende Ijumaa wala Jumamosi, utapata kumefungwa, ako harusini. Beba kamera yenyewe ijaribiwe hapo hapo, na uitishe kile kichwa chako cha zamani kabla hujatuma M-Pesa, juu ukinyamaza kinaingia kwa ndoo ya spea na wiki ijayo ni cha mtu mwingine.