Titebond III kwenye beleshi la pizza la mbao: uzoefu wangu

Naitumia gundi hii ya mbao kuunganishia mabeleshi ya pizza (vibao bapa vyenye mpini vya kuingizia na kutolea pizza ovenini) na vibao vya kukatia, kwenye karakana ya nyumbani isiyo na mashine kubwa. Ni ile chupa yenye kofia ya kijani, inatengenezwa na Franklin International ya Marekani. Kwa kazi hii naipa alama za juu, ila asikudanganye mtu kwamba gundi peke yake italiokoa beleshi. Mabeleshi mengi yanayopasuka yameuawa na mbao mbichi.

Kwa nini gundi, na si ubao mmoja mzima? Pizza ya sentimita 30 inataka beleshi la upana wa 35. Ubao wa upana huo ni shida kuupata, na ukiupata hujikunja kama kigae ukishalowa mara chache. Napasua vipande vitano vya upana wa sm 7.5 kutoka ubao wa inchi moja, kisha narandia hadi sm 7 kwa unene wa mm 20. Vinne vina urefu wa sm 40. Cha katikati kina sm 85, maana hicho ndicho kinachoendelea kuwa mpini. Mpini wa kuunga shingoni hukatika tu, hata ukiuwekea gundi gani.

Mbao ninayoipenda ni mninga, kwa sababu ukikauka hautembei sana, yaani hauvimbi wala kusinyaa sana. Mkangazi pia unafaa. Msaji una mafuta yake ya asili yanayosukuma gundi, kwa hiyo futa kingo kwa asetoni, subiri ikauke, upake gundi papo hapo. Paini ya bei rahisi iache, hasa ile yenye rangi ya kijani: hiyo imetiwa dawa ya kuzuia wadudu, haifai kugusa chakula. Vumbi la mninga na mvule huwasha pua na ngozi, vaa barakoa.

Ukavu wa mbao unapimika hata bila kifaa. Pima kipande kwenye mizani ya jikoni, andika uzito, rudia kila baada ya siku tatu. Uzito ukigoma kushuka, mbao imeshatulia na hewa ya mahali pako. Ukiunganisha kabla ya hapo, kila kipande kitasinyaa kivyake na ufa utaanzia kwenye ncha.

Sasa gundi yenyewe. Ni nzito kiasi, rangi ya kahawia hafifu, na kwenye mninga mstari wa maungio hauonekani. Gundi nyeupe ya kawaida huacha mstari unaong'aa. Imepita kiwango cha Type I cha Marekani cha kustahimili maji, ambacho kipimo chake kinahusisha kuchemsha maungio majini, na imeidhinishwa kwa vyombo vinavyogusa chakula kwa njia isiyo ya moja kwa moja, vikiwemo vibao vya kukatia. Mtengenezaji anasema wazi haifai kwa kitu kinachokaa ndani ya maji muda wote.

Beleshi moja lina maungio manne, kila moja sm 40 kwa 2. Hapo inakwenda kama mililita 5, na ukihesabu inayomwagika, 8 hadi 10. Chupa ya ml 473 basi inatoa mabeleshi zaidi ya 40. Nalitaja hili kwa sababu watu huikimbia bei, na kweli ni ghali kuliko gundi ya duka la jirani, wala haipatikani kila duka.

Muda wake wa wazi, yaani muda ulio nao tangu kupaka hadi kuunganisha kabla haijaanza kukauka, ni kama dakika 10 kwenye nyuzi 21. Kwa joto la Dar es Salaam mchana unapungua kabisa. Fanya kazi asubuhi, panga vipande na klempu (vibanio vya chuma) kwanza bila gundi, hakikisha hakuna mwanga unaopita kati ya kingo, ndipo upake. Kingo ziwe zimerandwa siku hiyohiyo. Msasa huzifanya pembe ziwe za mviringo na kuacha nafasi. Weka klempu kila sm 15, moja juu na inayofuata chini, la sivyo bao litapinda kufuata upande uliokazwa. Kaza hadi vitone vidogo vitokee mstari mzima. Sehemu isiyotoa kitone haina gundi ya kutosha. Tenga chuma cha klempu na mbao kwa karatasi ya nailoni, kwani chuma kikigusa gundi mbichi huacha doa jeusi.

Gundi iliyotoka usiifute kwa kitambaa chenye maji. Inaingia kwenye vinyweleo na utaiona ukipaka mafuta. Ngoja iwe kama mpira, dakika 30 hadi 45, ikwangue kwa patasi. Klempu naziacha saa kadhaa, na randa haigusi bao kabla ya saa 24. Ukiharakisha, maungio yaliyovimba kwa maji ya gundi utayasawazisha, kisha yatasinyaa na kuacha mifereji.

Baada ya hapo sawazisha bao zima hadi mm 15, na anza kuteremsha unene sm 15 kutoka ncha hadi kufikia mm 3, upande wa juu pekee. Chini pabaki tambarare palale vizuri juu ya jiwe la oveni. Chini ya mm 2 ncha humeguka.

Udhaifu mkubwa wa gundi hii ni joto. Ikifika karibu nyuzi 66 na kukaa hapo, nguvu inashuka sana. Kuingiza na kutoa pizza kwa sekunde chache hakuna neno, lakini beleshi lililoegeshwa mdomoni mwa tanuri la kuni au kuachwa juu ya oveni litaachia. Kwa kutolea pizza iliyoiva mimi nashauri la chuma.

Mafuta: ya madini yanayoruhusiwa kwa chakula, na yapakwe mpini na upande wa chini. Juu pabaki pakavu, unga ushike kazi yake. Ya alizeti yanachacha.

Kabla ya kutumia chupa iliyokaa dukani muda mrefu, gundisha vipande viwili vya mabaki ya mbao, ngoja siku nzima, kisha pasua kwa patasi na nyundo. Mbao ikichanika pembeni mwa mstari, gundi ni nzima. Mstari ukiachia laini, rudisha chupa ulikoinunua.