Contortions au The Pop Group: aanzie wapi msikilizaji mpya?

Anayetaka kuufahamu muziki unaochanganya jazi, fanki na panki bila kuficha mgongano wa sauti ana albamu mbili bora za kuchagua, zote za mwaka 1979: Buy ya kundi la Contortions la New York, na Y ya The Pop Group kutoka Bristol, Uingereza.

Katika Buy, besi na ngoma hushikilia mdundo mkavu wa fanki, wenye nidhamu inayomkumbusha msikilizaji James Brown, huku saksafoni ya James Chance ikipiga mayowe na gitaa la Pat Place likiteleza kati ya noti zisizopatana. Ukali wa muziki huu, ambao kwa maoni yangu haujapewa heshima inayostahili, unatokana na mdundo usiotetereka hata kidogo: mwili unataka kucheza, ilhali sikio linakataa kutulia.

The Pop Group walifuata njia nyingine. Mtayarishaji wao, Dennis Bovell, aliyebobea katika rege na dabu (tawi la rege linalochezea mwangwi studioni), aliuvunja mdundo wenyewe kwa mwangwi na ukimya, naye Mark Stewart akaimba siasa kwa sauti ya kupasuka. Y ina upana zaidi, lakini humchosha mgeni haraka.

Ningemshauri anayeanza achukue Buy, kisha azitafute nyimbo 4 za Contortions katika No New York, mkusanyiko wa mwaka 1978 uliotayarishwa na Brian Eno, ambamo kundi linasikika likiwa ghafi zaidi.