Kidepo: wanyama au kijiji?

Umefika Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, na una siku moja tu. Hifadhi ya Taifa ya Kidepo, iliyoanzishwa 1962, itakupa makundi ya nyati katika bonde la Narus, hasa kiangazi, maji yanapobaki huko. Lakini unatazama kwa mbali, ukiwa garini.

Kijiji cha Wakaramojong hukukaribisha ndani. Boma limezungushiwa miti na miiba iliyosukwa kwa kushikana, na mlango wake ni mfupi mno. Hata mwenyeji huinama akiingia. Ndani kuna nyumba za udongo na nyasi, ghala la mtama, na habari za ng'ombe zisizoisha. Tafadhali, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Mimi ningeanza kijijini, kisha niende bondeni jioni jua likipoa.