Entebbe mpaka Nairobi, ndege ama basi?
Jamani, Entebbe mpaka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, kwa ndege ni kama kilomita 520 tu, hewani saa moja na dakika 10 hivi, soda hujamaliza mshaambiwa fungeni mikanda. Ila usijidanganye, Kampala mjini mpaka Entebbe ni kilomita 40 na jam yake, afu uwanjani ufike masaa mawili matatu kabla, ukipiga hesabu yote nusu siku imeenda. Basi sasa, toka Kampala barabarani ni kilomita 650 na kitu, masaa 12 au zaidi, unapita Busia ama Malaba, na malori ya pale mpakani wee! Lakini nauli ni nafuu mno. Mi nikiwa na mizigo napanda la usiku, mgongo utajijua.