Mmap kwenye mizani ya asali: uzoefu wangu hapa Tabora

"Mjukuu wangu, mbona runinga inasema sifuri na ndoo yangu iko juu ya mizani?"

Aliyeuliza ni babu mmoja mrina asali, katoka Sikonge na ndoo nne, na hakuwa na utani. Stoo ninayoifanyia kazi hununua asali kwa kilo, na runinga ile ilitundikwa ukutani kwa ajili ya watu kama yeye, wajionee uzito wenyewe. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali hufika kilo 28 hivi, maana asali ni nzito kuliko maji. Mtu aliyewahi kulipwa kilo 20 kwa ndoo nzima hasahau. Ukimwonyesha sifuri, hata ya kufumba na kufumbua, hakuamini tena.

Kosa lilikuwa langu, na kilichonitoa humo ni mmap, njia ya programu kadhaa kushirikiana memori ileile. Programu moja ilisoma mizani kupitia waya, mara kumi kwa sekunde, ikaandika uzito kwenye faili la kawaida la maandishi. Ya pili ilisoma faili hilo na kuonyesha kwenye runinga. Ya tatu, ya karani, ilitoa risiti. Sasa faili ukilifungua upya ili uandike, hufutwa kwanza, ndipo maandishi mapya huingia. Anayesoma katikati ya hayo mawili anakuta patupu, na programu yangu ya runinga ilihesabu patupu kuwa sifuri. Nikahamia SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya faili moja. Karani naye akaanza kuletewa "database is locked", yaani hifadhidata imeshikwa na programu nyingine, foleni ikiwa imefika mlangoni.

Ndipo nikajaribu mmap, moduli inayokuja na Python yenyewe, lugha niliyoandikia programu hizi. Unafungua faili, unaiomba Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, ilitandaze kwenye memori ya programu yako, na tangu hapo unaligusa kama safu ya baiti. Programu nyingine ikitandaza faili lilelile kwa kushirikiana, zote zinagusa kurasa zilezile za memori. Hakuna kutumiana ujumbe. Pale stoo kuna ubao wa chaki wa bei ya siku: tajiri anaandika, apitaye anatazama. Ni hivyohivyo.

Kuanza si kugumu, ila faili tupu Python inakataa kulitandaza. Lipe ukubwa kwanza. Mimi nilihitaji baiti 14 tu, nikalipa 4096, yaani ukurasa mmoja wa memori, nikaliweka ndani ya /dev/shm, folda ya Linux inayokaa kwenye memori, si kwenye diski. Mwanzoni nililiweka kwenye diski na kuita flush kila nilipoandika, nikidhani bila hivyo programu zile mbili hazitaona. Taa ya diski ilikuwa haizimi. Kumbe flush ni ya kusukuma data hadi diskini; programu nyingine zinaona bila hiyo. Umeme ukikatika uzito wa sasa hivi unapotea, na upotee, nani anauhitaji? Risiti ndizo zinazobaki kwenye SQLite.

Sifuri ikaisha. Wiki mbili baadaye ikatoka risiti ya kilo 31.2.

Hii nataka nieleze vizuri, kwa sababu ndipo wengi wataumia. Mizani yetu hutuma uzito pamoja na alama ya kusema umetulia au bado. Kijana wa kubeba alikuwa bado kaegemea ndoo karani alipobonyeza kitufe. Programu yangu ilikuwa imeshaandika uzito mpya, lakini alama ilikuwa ni ile ya zamani, ya mizani tupu iliyotulia. Karani akasoma nusu ya leo na nusu ya jana. Mmap haikulindi na hilo hata kidogo. Dawa niliyoweka ni kihesabio cha baiti moja mwanzoni mwa faili: mwandishi anakiongeza kabla ya kuandika, kinakuwa witiri, akimaliza anakiongeza tena, kinakuwa shufwa. Msomaji akikuta witiri, au akikuta kimebadilika baada ya kusoma, anatupa alichopata na kusoma upya. Baiti moja haisomwi nusu. Mashine yangu ni ya Intel. Kwenye vibodi vya ARM, aina nyingine ya chipu, maandishi yanaweza kuonekana kwa mpangilio tofauti na ulivyoyaandika, huko tumia kufuli, programu ziguse faili kwa zamu.

Kisha nikajikata mwenyewe. Niliwasha upya programu ya mizani, ikafungua faili kwa namna inayolifuta hadi baiti sifuri. Runinga ikafa papo hapo na "Bus error", bila maelezo mengine, kwa kuwa iligusa ukurasa usiokuwa na faili nyuma yake. Siku hizi faili likiwepo nalifungua bila kulifuta.

Lakini lililonitisha zaidi ni la kimya. Waya wa mizani ulichomoka, runinga ikaendelea kuonyesha 27.6 bila aibu. Ubao haujifuti tajiri akienda zake kula. Mmap haikuambii nani yuko hai, wala haikuamshi kitu kikibadilika, unachungulia mwenyewe. Nikaongeza kwenye faili saa ya maandishi ya mwisho, na zikipita sekunde mbili bila maandishi mapya runinga inaonyesha vistari.

Karani alitaka uzito uende na kwenye laptopu yake ya ofisi ya nyuma. Hapo mmap inakoma, haivuki kwenda mashine nyingine. Nilitumia soketi ya kawaida, njia ya programu kutumiana data kupitia mtandao. Kuna pia shared_memory, moduli nyingine ya kushirikiana memori iliyoingia Python 3.8, inayokupunguzia kazi ya faili. Niliijaribu na kuiacha: programu moja ikifunga, Python yenyewe inaweza kufuta sehemu ambayo wengine bado wanaihitaji. Toleo la 3.13 limeleta track=False kwa ajili hiyo, ila mashine ya stoo bado iko nyuma.

Juzi babu wa Sikonge karudi, akakuta vistari.

"Na hii?"

"Waya umelegea, Babu. Nipe dakika moja."

Akaitazama runinga, akakalia ndoo yake, akanisubiri.