TanzLII kwa wanaofuatilia kesi za jinai: ni bure na ina mengi, lakini usiishie kwenye hukumu moja

TanzLII ni hazina ya mtandaoni ya hukumu na sheria za Tanzania. Hailipiwi, na huhitaji kujisajili ili kusoma. Anayetaka kujua mahakama zimetafsiri vipi ibara ya 13(6) ya Katiba, yenye haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kutohesabiwa mkosaji kabla ya kuthibitika, aanzie hapa.

Andika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha chuja kwa mahakama na mwaka. Katika namba za hukumu, TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi zilizomo, hasa za Rufani, ni za Kiingereza. Ukitafuta "dhamana" peke yake utakosa sehemu kubwa; tafuta na "bail". Hili linaumiza: mfungwa anaisoma Katiba kwa Kiswahili, ila tafsiri yake ya kimahakama imefungwa katika lugha ambayo pengine haijui.

Kasoro ya hatari zaidi ni kwamba hukumu iliyotenguliwa inaweza kukufungukia bila onyo lolote. Chukua shauri la Dickson Sanga. Tarehe 18 Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa makosa kama mauaji na utakatishaji fedha, kinakiuka Katiba. Tarehe 5 Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua. Aliyesoma ya kwanza tu ataingia mahakamani na hoja iliyokwishakufa. Kwa hiyo tafuta jina la mhusika, si kichwa kizima cha shauri, maana kwenye rufaa majina hugeuka: aliyekuwa mlalamikaji anakuwa mjibu rufani. Kisha angalia orodha ya hukumu zilizoinukuu ile unayoisoma, uanze na za Rufani zilizo mpya. Orodha itakuonyesha nani kainukuu. Kama aliikubali au aliikataa, lazima ufungue usome.

Angalia pia namba za vifungu. Hukumu za zamani zinatumia namba za kabla ya Toleo la Marejeo la 2023, yaani sheria zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake, na baadhi zimebadilika.

Hukumu za zamani zilizopigwa skani huwa hazisomeki vizuri na kisanduku; hizo zitafute kwa jina na mwaka. Za mahakama za mwanzo usitegemee kabisa kuzikuta humo.

Nakala uliyopakua si nakala iliyothibitishwa, na rufaa haifunguliwi kwa nakala hiyo. Kwa kesi iliyoanzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi na inayokatiwa rufaa Mahakama Kuu, notisi ya rufaa inatolewa ndani ya siku 10 na sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu. Iombe kwa maandishi siku hiyohiyo hukumu inaposomwa, ubaki na nakala ya barua yenye mhuri wa mapokezi wa mahakama.